Picha ya chui inazunguka dunia, mwenye msitu analala chini ya bashi

Wasikilizaji wa Masisi na Walikale, na ninyi wahami mlio mbali na mashamba yenu, picha hizo mnazijua. Simba kalala kwenye majani. Chui juu ya mti. Mtalii ndani ya gari na kamera yake. Kila mnyama anaonekana, lakini mwenyeji haonekani hata mmoja.

Simba wa Kivu Kaskazini wako Virunga, kwenye tambarare ya Rwindi. Masisi na Walikale wanajua chui, na chui hapendi kuonekana. Anayemfahamu si mtalii. Ni mwindaji wa Kinyanga anayesoma nyayo zake kwenye matope. Ni mama aliyeamka akakuta mbuzi wake ameburutwa. Ni mzee anayejua kwa nini ngozi ya chui hupelekwa kwa mwami. Wengi wa watu hao leo wamekimbia. Mwanzoni mwa Januari 2025 M23 waliteka Masisi mjini, na mwezi wa Machi vita vikafika Walikale mjini.

Picha isiyo na mtu inafundisha kwamba msitu hauna mwenyewe. Fundisho hilo limekwisha kuumiza watu. Mwaka wa 1975 mbuga ya Kahuzi-Biega ilipanuliwa kutoka kilomita za mraba 600 hivi mpaka 6,000, ikaingia hadi Walikale. Kwenye ramani ulikuwa msitu. Ndani ya msitu kulikuwa vijiji. Upande wa Kivu Kusini Batwa walifukuzwa, na ilibidi wangoje mpaka 2024 ili Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu itangaze kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki zao.

Januari 2025, kule Davos, Uswisi, Rais Tshisekedi aliueleza ulimwengu mpango wa Ushoroba wa Kijani, kutoka Kivu mpaka Kinshasa. Mwezi huohuo familia za Masisi zilikuwa barabarani, magodoro kichwani, zikipitia Sake kwenda Goma. Nani aliwauliza kuhusu msitu wao?

Wako watakaojibu: basi chui auawe, ngozi iuzwe. Hapana! Chui hakumfukuza mtu. Na walinzi wa Virunga zaidi ya 200 waliokufa kazini ni watoto wa familia za Kongo, nao pia hawaonekani kwenye picha za watalii.

Madai ni mepesi kuelewa. Mpango wowote wa msitu uanze kwa kuwauliza wenyeji, hata wakiwa kambini. Faranga za utalii zifike kijijini zikijenga shule na kulipa mbuzi aliyeliwa. Vijana wa Walikale wapewe kamera, wapige wenyewe picha ya msitu wao.

Siku hiyo chui ataonekana, na mwenye msitu ataonekana naye. Kabla ya hapo, anayesema analinda msitu wa Walikale aanze kwa kumrudisha mwenye msitu nyumbani.