Daraja la Kwanza au la Pili?



Wako wasemao kwamba kiongozi akipanda daraja la pili amejishusha. Neno hili yafaa tulipime.

Mwaka 1893 Gandhi aliteremshwa kwa nguvu kwenye treni huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, kwa sababu ya rangi yake, na huku tikiti ya daraja la kwanza anayo. Lakini aliporudi kwao India mwaka 1915, alisafiri daraja la tatu kwa hiari yake. Wala hapo hakujipinga. Kuzuiwa mlangoni ni dhuluma. Kuchagua mwenyewe ni uhuru.

Sasa tutazame reli yetu ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Chumba cha daraja la kwanza kina vitanda 4. Cha daraja la pili, 6. Injini ni moja, na wote hufika saa ile ile. Tofauti ni nafasi na nauli.

Mgonjwa, mzee, na mama mwenye mtoto mchanga wapande la kwanza bila kuulizwa. Anayelipa kwa jasho lake, shauri lake. Lakini mjumbe anayesafiri kwa ada za wanachama, naye ni mzima wa afya, kitanda cha daraja la pili chamtosha. Fedha itakayosalia ina wenyewe. Tena wenzake watano wa chumbani watamwambia mengi asiyoyasikia mkutanoni.

Heshima ya mtu haikatiwi tikiti.