Macho tuliyaanika, ubongo je?

Hebu fikiria kucheza chesi kwa mawazo tu. Noland Arbaugh, Mmarekani aliyepooza kutoka mabegani kushuka, amekuwa akifanya hivyo tangu 2024, Neuralink ilipompandikiza chipu kwenye ubongo. Kwake, huo ni uhuru.

Lakini jiulize: data ya ubongo ni ya nani?

Chile walishtuka mapema. Mwaka 2021 waliweka ulinzi wa ubongo kwenye katiba. Agosti 2023, Mahakama yao ya Juu iliamuru kampuni ya Emotiv ifute data ya ubongo wa aliyekuwa seneta, Guido Girardi. Yeye hakupasuliwa, alivaa tu kifaa kichwani.

Mwezi huo huo, huku Nairobi vijana walipiga foleni KICC wakaguliwe macho na Worldcoin kwa kama elfu saba hivi, hadi serikali ikasimamisha.

Sheria yetu ya data ya 2019 inataja alama za vidole, sauti, hadi umbo la ndewe la sikio. Ubongo hautajwi.

Kwa hivyo msee, siku watakuja na kofia ya kunasa mawimbi ya ubongo pamoja na elfu saba, usikimbilie foleni. Uliza kwanza: nikitaka ifutwe, nani ataifuta?