Diablo II ilishinda kwa uhuru, si kwa ukubwa tu

Nakubali kwamba gemu ya kompyuta Diablo II ya mwaka 2000 iliipita Diablo ya kwanza ya 1996, lakini siamini kwamba sababu kuu ni ukubwa wa ramani. Sababu ni uhuru wa kumjenga shujaa. Katika gemu ya kwanza, shujaa yeyote aliweza kujifunza karibu uchawi wowote kwa kusoma vitabu, mradi awe na nguvu za uchawi za kutosha. Katika Diablo II, watengenezaji wake Blizzard wakaja na mashujaa 5, kila mmoja na stadi 30 katika makundi 3. Kwa mfano, shujaa Necromancer anayeamsha mifupa na Necromancer wa sumu hawachezwi kwa namna moja hata kidogo.

Kero ndogo nazo zilitatuliwa: shujaa akapata kukimbia, na mali ikapata sanduku badala ya kutupwa chini pale Tristram, kijiji cha gemu ya kwanza.

La muhimu zaidi ni haki. Zamani shujaa wa mtandaoni alihifadhiwa kwenye kompyuta ya mchezaji, na kudanganya kulikuwa rahisi. Diablo II iliwapa waliotaka ushindani safi nafasi ya kuhifadhi mashujaa wao kwenye seva za Battle.net, huduma ya mtandaoni ya Blizzard. Hapo ndipo jasho la mchezaji mwaminifu lilipopata thamani.