Kontua za kwenye kompyuta zisituchimbie makinga maji



Kuna mtindo umeingia kwetu tuliotoka vyuoni miaka ya karibuni. Unafungua QGIS, programu isiyolipiwa, unapakia data za miinuko, unabofya, na kompyuta inachora mistari ya kontua juu ya shamba lote. Inapendeza kweli. Lakini msimamo wangu ni huu: mistari hiyo tusiitumie kuchimba makinga maji.

Kontua ni mstari unaopita juu ya ardhi bila kupanda wala kushuka. Maji hufuata mteremko mkali zaidi, kwa hiyo huikata kontua kwa pembe mraba. Tuta likifuata kontua sawasawa, maji husimama na kuzama. Likiinama, maji yote hukimbilia upande wa chini na kupasua hapo.

Sasa, kompyuta haiijui ardhi yote. Data za bure tunazotumia zilipimwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, Februari 2000. Zina namba moja ya kimo kila baada ya mita 30, yaani namba moja kwa mita za mraba 900. Ekari ina mita za mraba 4,047. Shamba lako la ekari moja lina namba nne au tano tu! Katikati ya hizo, kompyuta inakisia. Tena kila namba ni mita nzima, na penye vichaka vizito rada ilipima sehemu za juu za majani badala ya udongo. Kwenye mteremko wa asilimia 2, kosa la nusu mita katika kimo linausogeza mstari mita 25. Hata hivyo, ukiomba kontua za kila nusu mita, programu itakuchorea bila kulalamika.

Nayasema haya kwa sababu nimeshakosea. Nilimpimia mzee mmoja shamba la mtama kwa mistari ya kompyuta niliyoiweka kwenye simu. Wakati wa kupigilia mambo akaniuliza, "Bwana shamba, mbona mstari wako unapanda?" Nikamjibu kuwa setilaiti haikosei. Mvua kubwa ya kwanza ilipasua tuta la juu, likavunja na ya chini yake. Palibaki korongo katikati ya mtama. Nilirudi kuomba radhi na kufukia naye, lakini udongo ulioondoka haukurudi.

Je, kompyuta tuitupe? Hapana. Kilimatinde tuko ukingoni mwa Bonde la Ufa, tunatazama chini tambarare ya Bahi. Kwenye genge kama hili, kosa la mita chache haliharibu picha. Ramani ya kijiji kizima inasaidia kuona maji yanatoka wapi, lambo lifikiriwe wapi, na mashamba yapi yaanze kukingwa. Hiyo ndiyo kazi yake.

Ndani ya shamba tumia fremu ya A. Funga miti miwili ya mita mbili kwa juu, weka mti wa kukatiza, ning'iniza kamba yenye jiwe. Isimamishe juu ya mambo mbili, weka alama kamba inapogusa mti wa kukatiza. Geuza miguu, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa. Shambani, mguu mmoja ubaki palepale, mwingine usogeze mpaka kamba ifike katikati, piga mambo, endelea. Upepo ukiwa mkali, subiri utulie.

Wenzangu maafisa, tukumbuke Uluguru mwaka 1955. Wakulima walipinga kwa ghasia matuta waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni. Mstari unaotoka ofisini, uwe wa kalamu au wa kompyuta, lazima mwenye shamba aweze kuukagua. Fremu ya A anaweza kuikagua mwenyewe, na akiona mstari unapanda, asikilizwe.

Mvua hazijaanza. Kata miti yako miwili wiki hii, na ukikwama njoo tupime pamoja.