Je, Karani Kijana Aweza Motokaa ya Mbio?

Katika mikutano yetu ya hapa Kibosho limezuka swali ambalo halimo katika ajenda, walakini huzungumzwa kila mara mkutano ukiisha. Je, kijana aliyeajiriwa juzi aweza kununua motokaa ya mbio ya milango miwili, iliyokwisha kutumika huko Japani? Wako wasemao aweza, kwa kuwa ana mshahara. Wako wasemao hiyo ni anasa ya wana wa matajiri. Sisi twaona pande zote mbili zimehukumu kabla ya kuhesabu, na karani ahukumuye kabla ya kuhesabu ameisahau kazi yake.

Basi na tuhesabu. Twaitwaa Nissan Fairlady Z ya namna ya Z33, iliyoundwa tangu mwaka 2002 hata 2008. Injini yake ni ya lita 3.5, na viti vyake ni viwili tu. Tuseme kwa mfano kwamba Mamlaka ya Mapato imeikadiria, pamoja na bima na nauli ya meli mpaka Dar es Salaam, kuwa na thamani ya shilingi 15,000,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani shilingi 3,750,000. Juu ya jumla hiyo huja ushuru wa bidhaa asilimia 10, kwa sababu injini yapita lita 2, nao ni shilingi 1,875,000. Tena huja asilimia 30 ya uchakavu, kwa sababu motokaa imepita miaka 10, nayo ni shilingi 5,625,000. Mwisho, juu ya yote, ni kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, yaani shilingi 4,725,000. Jumla ya kodi hizo nne ni shilingi 15,975,000. Kodi imeipita bei!

Viwango hivyo ni vya miaka ya karibuni, wala hatujataja tozo ya reli, gharama za bandari, usajili, na ujira wa dereva wa kuileta Moshi. Motokaa ya milioni 15 imekuwa ya milioni 31 kabla haijaona mgomba hata mmoja.

Kijana awezaye kuweka akiba shilingi 300,000 kila mwezi, bila kukosa hata mwezi mmoja, ataingoja zaidi ya miaka 8 na miezi 7. Atasema, "Nitakopa." Sawa, lakini akumbuke kwamba aliyesomeshwa Chuo Kikuu kwa mkopo wa serikali hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hata deni liishe. Tena sheria yataka mtumishi wa serikali abakiwe na theluthi ya mshahara baada ya makato yote. Theluthi hiyo iliwekwa ili mtumishi ale na alipe kodi ya nyumba. Haikuwekwa ili anunue petroli.

Nayo petroli ni neno jingine. Mwaka 2017 ada ya kila mwaka ya motokaa iliondolewa, na fidia yake ikatiwa katika bei ya mafuta. Tangu hapo, mwenye injini inywayo sana hulipa sana. Na sisi tukaao mlimani twajua kwamba kutoka Moshi mjini kuja huku ni kupanda tu, na injini kubwa haipandi kwa kiu ndogo.

Tumepata kujibiwa kwamba motokaa za ukoo huu ni hodari katika barabara mbaya. Ni kweli kwamba Datsun 240Z, ambayo huko Japani iliitwa Fairlady, ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Walakini motokaa zile zilitengenezwa kwa kazi ile, zikafuatwa na mafundi na vipuri, na mwenye kulipa alikuwa kiwanda. Karani wa Kibosho hafuatwi na fundi. Yeye ndiye amfuataye. Mwezi wa Aprili, njia ya kwenda kihambani ikiwa tope tupu, motokaa iliyo chini vile na isukumwayo kwa magurudumu ya nyuma itakwaruza mawe kwa tumbo, kisha itasimama pale pale bodaboda ipitapo.

Mwenzetu mmoja aliinunua ya namna hiyo kwa mkopo. Alifika nayo nyumbani Desemba, wakati Wachaga wote warudipo, na watoto wakaikimbilia. Mwezi wa Mei mama yake aliugua usiku. Viti ni viwili: dereva na mgonjwa. Nani amshike mama njiani? Ikatafutwa pikapu ya jirani. Leo motokaa ile imefunikwa turubai chini ya migomba, yangoja kipuri, na makato ya mkopo hayajaisha. Hatumcheki. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia tuandike.

Wala hatusemi kijana asitamani. Aliyefanya kazi kwa uaminifu ana haki ya furaha, na mzee amkemeaye akumbuke alivyoipenda baiskeli yake ya kwanza. Lakini twatoa shauri moja. Kabla ya kununua, kijana na aishi miezi 12 kana kwamba motokaa anayo. Kila mwezi aweke katika SACCOS fedha ya petroli, ya bima kubwa, ya tairi na ya fundi, pamoja na rejesho lile lile ambalo angekatwa, wala asiiguse. Mwaka ukiisha, naye hajaigusa, karo ya wadogo zake imelipwa na nyumbani hakuna aliyelala njaa, basi na anunue. Sisi tutakuwa wa kwanza kumpongeza. Akiwa ameigusa, amekwisha kupata jibu, na fedha iliyosalia ni yake, si ya muuzaji.

Tena twaiomba kamati ya mikopo ya chama chetu isipitishe mkopo wa motokaa ya anasa kabla mwanachama hajaleta daftari la miezi hiyo 12. Wako watakaotuchukia kwa neno hili. Na watuchukie sasa, kuliko kuja kutulaumu wakiwa na turubai mkononi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tulioajiriwa kwa ajili ya kuandika madaftari ya wengine, yatupasa kuanza na la kwetu.