Kabla hujaitupa sanamu ya mwanao

Baba mmoja ameniandikia kuhusu kijana wake wa miaka 15. Alikuta juu ya kabati la kijana huyo sanamu nne za plastiki, zenye nywele zilizosimama na panga mikononi. Alipouliza ni nini, akajibiwa, "Ni anime, baba." Akatafuta jina la mojawapo kwenye simu, akakutana na neno linalomaanisha pepo, na jioni hiyohiyo zote nne zikaishia kwenye shimo la taka. "Nyumba yangu haiweki masanamu," ameandika. Sasa ni wiki ya sita. Kijana anaamkia asubuhi, anaitika akiitwa, basi. Baba anauliza kama alifanya sawa.

Nitamjibu, lakini kwanza tuelewane kilichotupwa kilikuwa nini.

Anime ni katuni za Kijapani, na manga ni vitabu vya hadithi za picha ambamo nyingi ya katuni hizo huchotwa. Si mambo ya juzi. Astro Boy ya Osamu Tezuka ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Japani mwaka 1963. Na wewe mzazi wa miaka thelathini au arobaini na kitu, huenda ulishaziangalia utotoni bila kujua zimetoka wapi: Dragon Ball, Pokémon, Captain Tsubasa. Hiyo ya mwisho ni hadithi ya mtoto na mpira wake, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1981, na Fernando Torres, yule mshambuliaji wa Hispania, amewahi kueleza kuwa katuni hiyo ndiyo iliyomtia hamu ya kucheza.

Sanamu aliyoitafuta baba huyu ilitoka kwenye Demon Slayer ya Koyoharu Gotouge, iliyochapishwa kwenye jarida la Weekly Shonen Jump kati ya 2016 na 2020. Tanjiro ni kijana muuza mkaa. Siku moja anarudi nyumbani anakuta mama na wadogo zake wameuawa. Amebaki mdogo wake mmoja tu wa kike, Nezuko, naye ameanza kugeuka kuwa kiumbe kilekile kilichowaua wenzake. Badala ya kumkimbia, Tanjiro anambeba mgongoni kwenye sanduku la mbao na kuzunguka nchi akitafuta dawa ya kumrudisha ubinadamu wake. Hiyo ndiyo hadithi. Wajapani kiumbe hicho wanakiita oni, nacho hula watu. Bibi zetu walikuwa naye huyohuyo, wakimwita zimwi, na walitusimulia habari zake usiku bila mtu kudhani wanafuga mashetani.

Kwa hiyo hofu ya ibada naiweka kando. Kijana hasujudii kile kidude. Anakiweka pale kama wewe ulivyobandika picha ya timu yako ukutani: anampenda mhusika aliyekwenda naye safari ndefu.

Ila wapo wazazi wa upande wa pili, nao wananitia wasiwasi zaidi. Hawa wakiona katuni wanasema "mwache, ni ya watoto", wanampa mtoto wa miaka sita simu na kwenda zao jikoni. Hiyohiyo Demon Slayer niliyoisifu ina vichwa vinavyokatwa na damu inayoruka. Filamu yake ya Mugen Train, iliyovunja rekodi ya mapato ya sinema Japani, ilipewa huko alama ya PG12, yaani mtoto wa chini ya miaka 12 aangalie kwa mwongozo wa mzazi. Wenyewe wenye katuni wameona haja ya kutahadharisha, sembuse sisi.

Nitakupa mfano ninaoupenda. Tarehe 16 Aprili 1988, studio ya Ghibli ilitoa filamu mbili kwa mpigo, zikionyeshwa pamoja. Moja ni My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki: watoto wawili wa kike, mama yao amelazwa hospitali, na dude kubwa lenye manyoya linaloishi msituni. Unaweza kuiangalia na mtoto wa miaka minne. Nyingine ni Grave of the Fireflies ya Isao Takahata, kuhusu kaka na dada yake mdogo wanaosumbuliwa na njaa Japani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ni filamu nzuri sana, na mtu mzima huinuka hapo amevimba macho. Studio ileile, siku ileile, zote katuni.

Kwa hiyo neno "katuni" halikuambii lolote kuhusu umri. Wajapani hugawa majarida yao ya manga: shonen ni ya wavulana wanaobalehe, shojo ya wasichana wa rika hilo, seinen ya wanaume watu wazima. Mtoto wako anayajua maneno haya, muulize. Ukikuta anaangalia seinen, kaa uitazame kwanza. Na kuna neno moja ambalo mzazi lazima alijue hata kama halipendezi kutajwa kwenye ukurasa huu: hentai. Hiyo ni ponografia iliyochorwa, na kuchorwa hakuifanyi iwe ya mtoto. Kipindi kimoja cha anime kwa kawaida hakifiki nusu saa. Kukaa naye kwa kipindi kimoja kutakufundisha zaidi ya kupekua simu yake usiku.

Sasa baba yetu. Hapana, ndugu yangu, hukufanya sawa. Kama kijana alizinunua kwa fedha zake za akiba, ulitupa mali ya mtu; na hata kama hakuzinunua mwenyewe, ulihukumu kabla ya kusikiliza. Una haki ya kuamua kinachoingia nyumbani kwako, hilo silipingi. Lakini amri ya baba ina uzito pale mtoto anapojua imetoka kwa mtu aliyeangalia. Mwambie ulitupa bila kuuliza na kwamba hukupaswa. Usianze na "lakini". Kisha mwombe akuonyeshe kipindi cha kwanza. Ukimaliza ukaona bado hukipendi, mwambie ni kipi hasa, naye akujibu. Ukiweza kumrudishia hata moja, mrudishie, ila usitangulize zawadi mbele ya maneno.

Unapokwenda kuitafuta hiyo moja, ndipo utakapoona jambo linalostahili kweli wasiwasi wako, nalo ni fedha. Vile vidogo vyenye kichwa kikubwa, vya sentimita kumi hivi, vinaitwa Nendoroid, na kimoja huko Japani hupita yen 5,000. Sanamu kubwa ya kipimo cha moja kwa saba, yaani sehemu ya saba ya urefu wa mhusika, mara nyingi huzidi yen 15,000, na dola moja miaka hii ni kama yen 150. Usafiri na ushuru bado. Nyingi huagizwa miezi mingi kabla hazijatoka kiwandani, na kuchelewa ni kawaida. Ukiuziwa mpya kwa bei ya chee, ujue pengine ni feki: rangi imevuka mipaka, uso unang'aa kama umepakwa mafuta, na boksi halina jina la kampuni iliyotengeneza. Na zote, halali na feki, zina vipande vidogo vya kukaba koo la mtoto anayetambaa.

Bora sanamu inayoonekana bei yake, hata hivyo. Japani kuna mashine za gachapon: unatumbukiza sarafu, unazungusha, kinatoka kidubwasha ndani ya kifuniko, na hujui ni kipi mpaka ufungue. Michezo ya simu imechukua mtindo huo na jina lake, gacha. Mtoto analipa, programu inamchagulia mhusika kwa bahati nasibu, akikosa anayemtaka analipa tena. Mwaka 2012 serikali ya Japani ilipiga marufuku aina moja ya gacha, ile iliyomtaka mchezaji akusanye seti nzima ndipo apate zawadi kubwa. Nyingine zinaendelea, na zimo kwenye simu hiyo unayosomea sasa. Fungua sehemu ya malipo, angalia kama kadi yako au namba yako ya fedha imehifadhiwa humo, uiondoe, na badilisha namba ya siri ambayo mwanao ameshaikariri.