Usitangulize lenzi, tanguliza kipimo cha macho

Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipozinduliwa Juni 19, 2025, Sengerema imesogea karibu na Jiji la Mwanza kuliko wakati wowote. Safari iliyokuwa ikitegemea foleni ya kivuko sasa ni ya dakika chache juu ya ziwa. Mgonjwa wa rufaa anawahi Bugando, na bidhaa za mjini nazo zinawahi kutufikia. Miongoni mwake ni lenzi za macho, hasa zile za rangi, ambazo mtu huziona kwenye simu, akazilipia kwa simu na kuletewa kwa basi au bodaboda.

Kufika kwa bidhaa si jambo baya. Shida ni kwamba lenzi inafika ikiwa peke yake, bila kipimo na bila mtu wa kumfundisha mnunuzi namna ya kuivaa na kuitunza. Wanaoniuliza kuhusu lenzi ni wa aina tatu: bibi harusi anayetaka macho ya kahawia siku ya send-off, kijana aliyechoka kutaniwa kwa sababu ya miwani, na mzazi anayejiuliza kama mtoto wake anaweza kuvaa lenzi badala ya miwani. Wote watatu wana haki ya kupewa jibu kamili.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Mgonjwa wa mtoto wa jicho aliyefanyiwa upasuaji husema "nimewekewa lenzi". Hiyo huwekwa ndani ya jicho na daktari na hubaki humo. Ninayoizungumzia leo ni ile ya kuvaa juu ya kioo cha jicho asubuhi na kuivua kabla ya kulala.

Kwa nini jicho halitaki mzaha

Kioo cha jicho, yaani konea, hakina mishipa ya damu. Hupata sehemu kubwa ya oksijeni moja kwa moja kutoka hewani, kupitia machozi. Ukiweka lenzi juu yake umepunguza hewa hiyo. Lenzi nzuri inayolingana na jicho lako hupitisha oksijeni ya kutosha kwa saa za mchana. Isiyolingana hubana au huteleza, hukwaruza, na kila mkwaruzo ni mlango wa vijidudu.

Vijidudu vikiingia, kioo hupata kidonda. Kidonda kikipona huacha kovu jeupe, na kovu likikaa katikati ya kioo uoni hupungua moja kwa moja. Kovu la namna hiyo halirekebishwi kwa miwani, na upandikizaji wa kioo cha jicho bado ni huduma adimu nchini. Mtu aliyetaka kubadili rangi ya macho kwa siku moja anaweza kubaki na jicho moja linaloona.

Hili haliwapati wasiokuwa na uwezo peke yao. Julai 2024 mwigizaji wa India, Jasmin Bhasin, alieleza hadharani jinsi vioo vya macho yake vilivyoumia baada ya kuvaa lenzi kwenye hafla jijini Delhi, hadi akafungwa bandeji macho yote mawili. Marekani tangu mwaka 2005 sheria inahesabu lenzi zote kuwa kifaa tiba, hata ya urembo isiyo na nguvu yoyote ya kusaidia kuona. Uingereza nayo ilibana uuzaji wa lenzi za urembo mwaka huohuo. Nchi hizo zilitambua kwamba jicho halijui tofauti kati ya lenzi ya urembo na lenzi ya tiba. Vyote viwili vinakaa juu ya kioo kilekile.

Soma boksi kabla ya kulipa

Lenzi halisi huja kwenye kifungashio kilichofungwa, chenye tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo na jina la mtengenezaji. Utaona pia herufi BC, ambayo ni mpindo wa lenzi, kwa mfano 8.6, DIA, upana wake, kwa mfano 14.2, na PWR, nguvu yake, kwa mfano -2.00. Mpindo na upana havipo kwenye cheti chako cha miwani. Hata nguvu inaweza kutofautiana, kwa sababu miwani hukaa mbali kidogo na jicho na lenzi hukaa juu yake. Ndiyo maana huwezi kuchukua cheti cha miwani ukakitumia kuagizia lenzi.

Muuzaji akikuambia "hizi zinamfaa kila mtu", funga pochi yako. Usinunue lenzi iliyokwisha kufunguliwa, na usiazime ya rafiki hata kwa picha moja tu. Kuazimana lenzi ni kuazimana vijidudu. Tunakumbuka Januari 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam na kwingineko nchini, jinsi ulivyohama upesi kutoka mtu mmoja hadi mwingine.

Maji yetu ni mtihani

Kwa mkazi wa kandokando ya Ziwa Victoria hapa ndipo pa kusimama kidogo. Ndani ya maji ya ziwa, kisima na hata bomba huishi amiba mdogo aitwaye Acanthamoeba. Ukioga au kunawa kwa maji hayo bila lenzi, kwa kawaida machozi na kupepesa macho hukulinda. Ukiwa na lenzi, amiba hujishika juu yake na kukaa palepale penye mkwaruzo. Kidonda chake huuma sana na matibabu yake huchukua miezi.

Kwa hiyo lenzi haikutani na maji ya ziwa, wala ya mvua, wala yale ya bomba yanayosukumwa kutoka Nyamazugo. Maji ya bomba yametibiwa kwa ajili ya kunywa na matumizi ya nyumbani, si kwa kuhifadhia lenzi. Maji ya chupa nayo hayafai, wala yaliyochemshwa, wala ya chumvi ya kutengeneza nyumbani, wala mate. Yanayofaa ni maji maalumu ya lenzi peke yake, ambayo hayajapita muda wake na hayakuanikwa juani dukani. Na hayo pia yanahitaji usimamizi: mwaka 2006 kampuni ya Bausch & Lomb iliondoa sokoni duniani kote maji yake ya ReNu with MoistureLoc baada ya watumiaji kupata vidonda vya fangasi kwenye kioo cha jicho.

Kwa mzazi

Mtoto akisogea karibu na ubao, akikunja uso kuangalia mbali au akishuka darasani ghafla, mpeleke akapimwe. Kwa wengi jibu ni miwani, na miwani haidhoofishi macho. Macho ya mtoto hubadilika kwa sababu anakua, si kwa sababu anavaa miwani. Lenzi inawezekana kwa kijana anayeweza mwenyewe kunawa mikono, kuvaa, kuvua na kusafisha kila siku bila kukumbushwa. Kama bado unamkumbusha kupiga mswaki, subiri kwanza.

Mtoto anayejikuna macho kila siku huenda ana mzio. Huyo asivae lenzi za urembo kabisa, na atibiwe, kwani kusugua macho kwa muda mrefu huweza kuchangia kioo kuchongoka kama pia. Kioo kikishachongoka, mtaalamu anaweza kupendekeza lenzi ngumu maalumu. Hiyo ni tiba na hufuatiliwa kliniki. Ukiona weupe ndani ya mboni ya mtoto, usisubiri hata wiki moja, mpeleke hospitali.

Piga hesabu yote

Bei ya lenzi si bei ya boksi. Weka na kipimo, maji maalumu kila mara yanapoisha, kikasha kipya angalau kila miezi mitatu, boksi jingine lenzi zikimaliza muda wake, na nauli ya kurudi kliniki. Juu ya hayo unahitaji miwani ya akiba, kwa sababu zipo siku jicho litakataa lenzi. Hesabu ikikushinda, miwani ni uamuzi wa busara wala si aibu. Kwa anayeshinda kwenye vumbi la machimbo, moshi wa kukaangia dagaa au juu ya pikipiki, miwani inamfaa zaidi hata kama pesa anayo.

Ukiamua kuvaa

Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kwa kitambaa safi kabla ya kugusa lenzi. Mwaga maji ya jana, tia mapya. Vua kabla ya kuoga na kabla ya kulala, kwa maana kulala na lenzi huongeza hatari ya maambukizi kati ya mara 6 na 8. Lenzi ya siku moja itupwe siku hiyohiyo, na ya mwezi isivuke mwezi tangu ulipoifungua. Bibi harusi, vaa lenzi kwanza, vipodozi baadaye, na usiku vua kabla hujafuta vipodozi, hata kama umechoka kiasi gani.

Jicho likiuma, likiwa jekundu, likiumizwa na mwanga, likitoa usaha, likiona ukungu au likiwa na doa jeupe, vua lenzi papo hapo. Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiwa na lenzi na kikasha chake, maana vinaweza kupimwa. Usiende duka la dawa kununua matone yenye deksamethasoni au betamethasoni. Huondoa wekundu ukadhani umepona, huku kidonda kikizidi kuchimba. Dawa za mitishamba za kutia jichoni nazo uziache. Tafiti za hapa nchini zimezihusisha na vidonda vya kioo cha jicho tangu miaka ya 1990.

Nani afanye nini

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ina ofisi ya kanda Mwanza. Lenzi zinazouzwa pamoja na kucha na kope za bandia zinastahili kukaguliwa kama kifaa kingine chochote cha tiba, na wewe ukiuziwa isiyo na jina wala tarehe, toa taarifa. Wenye saluni wanaowapamba maharusi wanaweza kuanza leo kwa kukataa kumvisha mteja lenzi ambayo hakupimiwa. Shule zetu nazo zikiwapima watoto macho mapema, wengi watapata miwani kabla hawajaanza kutafuta njia ya mkato.

Daraja lililoleta lenzi linakupeleka pia kwa mtaalamu. Anzia kitengo cha macho cha hospitali iliyo karibu nawe, na wakihitaji kukupa rufaa, vuka. Mwambie anayekupima kwamba unataka lenzi, muulize kama jicho lako linaifaa, kisha jifunze kuivaa na kuivua mbele yake. Ukishafanya hivyo, ndipo utoe pesa.